Riposte ya Mguu wa Godelive

Akina mama wa Kipese walifika hospitalini Butembo asubuhi, na kabichi mbili, kikapu cha viazi, na udongo wa shambani viganjani. Godelive alikuwa kwenye kitanda cha dirishani. Pikipiki ilimvunja mguu siku ya soko, na daktari aliushika mfupa kwa vyuma vinavyosimama nje ya ngozi, misumari yake ikiingia mpaka ndani. Katika kikundi chao cha sala hawasemi pole kwa mdomo mtupu. Unamwekea mgonjwa mkono pale panapouma, ndipo ajue umefika. Mama Bénie, mkubwa wao, aliweka wa kwanza.

Chuma kikalia. Kililia ngee, ngee, kama kengele ya shule, kikanyamaza alipoondoa mkono.

"Ni chuma," alisema Hadjara, mchuuzi wa vitenge wa Beni, aliyelala kitanda cha pili na paja lake lililovunjika. "Tangu jana iko inalia. Batu bakigusa, inalia. Mais lakini Victoire akigusa, hapana."

Victoire alikuwa wifi yake Godelive, aliyekuja kumuuguza. Alikuwa akifua mashuka, kwa hiyo mikono yake ilishinda kwenye sabuni. Wodi ikajaribu jambo hilo bila haraka, wakiendelea na uji wao. Mkono uliooshwa kwa sabuni, chuma kilinyamaza. Mkono mchafu, kililia. Mkono uliopanguswa kwenye kitenge tu, kililia kwa sauti ya chini kidogo.

Sasa, kumwambia mtu wa Butembo anawe kabla ya kukugusa si jambo dogo. Miaka ile ya Ebola, watu wa Riposte, ndio waliokuja kupambana na ugonjwa, walisimamisha ndoo za klori kila mlango, na walipoondoka neno "nawa" likabaki na harufu ya tusi. Ndoo ya wodi hii ilikuwa ya kuhifadhia maharagwe. Kwa hiyo wagonjwa walipokibatiza chuma jina la Riposte, hawakuwa wanakisifu.

"Victoire, unanizania mi niko na Ebola?" Mama Bénie aliuliza, Victoire alipomsogezea sabuni.

"Hapana, Mama. Ni Riposte njo inakatala."

"Godelive, huyu mutoto, nilimupokea na hii mikono siku alizaliwa!"

Akaenda kukaa kwenye benchi, amenuna, na wenzake wakanuna naye.

Docta Ananie aliingia kubadilisha bandeji. Usaha ulikuwa umeilowesha tena, na harufu yake ilifika mpaka mlangoni. Alipoinama, chuma kililia kuliko kilivyomlilia mtu yeyote. Wagonjwa wakatazama pembeni kwa adabu. Docta hakushangaa. Aliona haya, na mimi nampenda kwa hilo.

"Inasema kweli," alisema. "Robinet ya bloki ilikauka. Banganga bote tunanawa mu bassin moja, maji ileile."

Kila mtu alijua sababu. Maji ya chemchemi yaliyokuwa yakipandishwa kwa mashine hadi bomba la bloki, chumba cha upasuaji, yalikuwa yamegeuzwa na gestionnaire, msimamizi wa hospitali, Bwana Zorobabel, yakapelekwa kwenye nyumba ya wageni ya hospitali, ambako majani yalipaswa kuwa kijani.

"Mama Godelive, sitakuficha," Docta aliendelea. "Mikrobe imefika mu mufupa. Inaomba nifungue, nisafishe, nitoe vipande vyenye vilikufa, kisha dawa ya kutosha. Mais nikifungua na mikono ya hivi, ninaongeza bubaya. Nisipofungua, itabakia kukata muguu."

"Kwetu Kipese ni mulima," Godelive alisema. "Na muguu moja nitalima viazi namna gani?"

Alikuwa na watoto wanaokula viazi hivyo, na alilia waziwazi, bila kujifunika.

Mama Bénie akainuka kwenye benchi. "Maji iko wapi?"

Aliambiwa kwamba yako chini kabisa, chemchemini. Akina mama wakavua viatu, wakaazima bidoni, madumu ya maji, wakajifunga mikanda kwenye paji la uso kama wanavyobeba kuni kwao, wakashuka. Hakuna aliyesema amesamehe. Walipanda, wakashuka tena, mpaka mapipa ya bloki yakajaa na maji yakachemshwa. Docta alijisugua kwa sabuni mpaka viwiko, na wasaidizi wake vilevile. Kisha, mbele ya wote, akakishika chuma kwa mikono miwili.

Kimya.

Vigelegele vilivyopigwa vilifika wodi ya wazazi, wakadhani kuna mapacha.

Sindano ya kuua mikrobe ilichomwa kabla ya kisu, kwa wakati wake. Mfupa uliokufa ukatolewa, na kipande kikapelekwa laboratoire, maabara, kuulizwa mikrobe yake inaogopa dawa gani. Baada ya hapo maharagwe yalihamishwa kutoka kwenye ndoo. Padri aliyekuja kuombea wagonjwa alililiwa, akanawa. Wake za wasafirishaji wa vitenge waliokuja kumwona Hadjara walishika zamu ya bidoni pamoja na akina mama wa Kipese. Usaha ulipungua, ukawa majimaji, ukakauka.

Bwana Zorobabel alisikia sifa hizo, akaja kupigwa picha. Mkono usioweza kuukata, ubusu: Docta alimsalimia vizuri, akamwomba arudishe maji. Gestionnaire alisema jambo hilo limo kwenye projet, yaani mradi, akawashukuru akina mama kwa participation communautaire, ushiriki wa jamii, akaweka mkono wake kwenye mguu wa Godelive. Ulikuwa mkono safi kabisa, unanukia sabuni ya wageni. Chuma kikalia. Kililia mpaka alipotoka, na hata akiwa uani kilisikika. Wiki iliyofuata alituma fundi aweke mlango mzito zaidi kwenye wodi, ili wageni walale.

Mfupa wa Godelive uliunga. Vyuma vilitolewa, vikachemshwa, vikangoja mtu mwingine. Alirudi Kipese, akapanda viazi mlimani kwa miguu miwili, na mavuno yalipofika akaja Butembo kwa kontroli ya mwisho. Docta aliitazama picha ya mfupa, akacheka kwa sauti, akamwambia hataki kumwona tena.

Godelive hakwenda nyumbani. Alijifunga mkanda kwenye paji la uso, akashuka chemchemini, akapanda kilima na bidoni iliyojaa mgongoni, kwa mguu uliokuwa ukatwe, akapita nyumba ya wageni ambako mtu alikuwa akinyunyizia majani kwa mpira. Akina mama walimpigia vigelegele njia nzima. Akamimina maji kwenye pipa la bloki, akapumua, akashuka tena, maana Hadjara alikuwa amerudi kufunguliwa paja tena asubuhi hiyo na bidoni moja haitoshi.