Njumu za Msumari wa Mwisho

Fundi Soli alikuwa na usemi wake mmoja, na ukikaa kwenye benchi lake dakika tano lazima ungeusikia.

"Uso naweza kuusahau," angekuambia, uzi umemning'inia mdomoni. "Jina ndiyo usiseme, la mama mkwe wangu lilinitoka siku ya harusi, mbele ya watu. Lakini mguu? Mguu ukishapita mikononi mwangu hautoki. Nikutane nao baada ya miaka ishirini, nitausalimia."

Mshonaji wa baraza ya pili, ambaye alikuwa ameyasikia hayo mpaka yamemkaa kama shairi la shuleni, hakuwa hata akiinua macho kwenye cherehani yake. "Shemeji, angalia usije ukasalimiana na kiatu, mwenyewe amekusimamia hapo umemkodolea tu."

Wateja wangecheka, naye fundi angecheka nao. Si kwamba alijisifu bure. Alikuwa na uwezo wa kukigeuza kiatu cha mtu asiyemjua, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino, akamwambia, "Wewe mzigo unabeba bega la kushoto," na mtu akajikuta ameshika bega. Ila tuseme ukweli: ukutani nyuma yake kulikuwa na safu ya misumari, na kwenye misumari hiyo vilining'inia viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Alikuwa akiviita mayatima. Kila kimoja kilikuwa na nusu ya kadi iliyokatwa kwenye boksi la viatu, imeandikwa namba, imefungwa kwenye kamba. Nusu ya pili alikuwa nayo mwenye kiatu, popote alipo. Na ukimuuliza fundi yatima fulani ni wa nani, ghafla angekuwa na kazi nyingi.

Kwenye msumari wa mwisho, kule pembeni, zilining'inia njumu nyeusi, viatu vya kuchezea mpira, meno yake ya chini yamesagika nusu. Namba arobaini na moja. Zilikaa pale miezi saba.

Alhamisi ile, saa tatu asubuhi, redio ya mshonaji ilikata muziki katikati. Mtangazaji alikohoa kwanza. Kisha akasema helikopta iliyokuwa imembeba Mshale imeanguka milimani, kwenye ukungu. Walikuwamo watu wawili, Mshale na rubani. Hakuna aliyepona.

Cherehani ilisimama, sindano imezama ndani ya kitambaa. Muuza magazeti, aliyekuwa akipita, aliketi juu ya furushi lake mwenyewe. Na kwenye ukurasa wa nyuma wa gazeti la juu kabisa Mshale alikuwa bado anacheka, maana gazeti lilichapwa kabla hajafa. Mteja aliyekuwa kwenye benchi la fundi alinyanyuka, akaenda zake barabarani na kiatu kimoja mguuni, kingine akakiacha kwenye chuma cha kupigia. Hakurudi siku ile.

Mshale alikuwa wao. Alicheza nchi za mbali, uwanja mzima ukiimba kwa lugha asiyoielewa, lakini miguu ile ilijifunza kukimbia hapo hapo, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya soko. Kila mtu mtaani alikuwa na kipande chake. Mmoja alisoma naye darasa la nne. Mwingine alimpiga mweleka. Mwenye duka alikumbuka dirisha lililovunjwa kwa mpira, na asubuhi ile alilieleza dirisha hilo huku machozi yakimtoka, utadhani alikuwa akilipenda. Fundi Soli peke yake hakuwa na kitu. Miaka yote ile Mshale hakuwahi kuweka mguu kwenye benchi lake. Na hilo, kwa mtu mwenye usemi wake ule, lilimuuma mahali asipoweza kukuna.

Muuza magazeti ndiye aliyeinua macho ukutani. "Fundi," akasema polepole. "Zile njumu... si zake zile?"

Fundi aligeuka, akazitazama. Angeweza kusema sijui, na huo ungekuwa ukweli mtupu. Watu wanane, tisa, walikuwa wameshamgeukia.

"Kwani ulikuwa hujui?" akasema.

Maneno matatu tu. Hakuongeza la nne. Lakini mtu alivua kofia. Mama mmoja aliyekuwa na shada la maua ya harusi ya mtu alichomoa ua moja jeupe, akaja, akalichomeka kwenye kamba ya njumu. Fundi alipozishusha ili alikaze lile ua, vidole vyake vikafanya kazi viliyoizoea bila kumwomba ruhusa: kisigino cha kulia kimelika upande wa nje, ncha ya kulia imechubuka kwa kupiga mpira. Mshale alikuwa wa mguu wa kushoto. Hata watoto wa chekechea walilijua hilo. Fundi alikata ile kadi ya namba kimya kimya, akaitia kwenye kopo la kiwi, akafunga kifuniko.

Kufikia Ijumaa jioni mayatima wengine walikuwa wameteremshwa wote, wamerundikwa kwenye gunia, na ukuta umebaki na njumu peke yake. Chini yake mishumaa, skafu za timu, barua za wanafunzi. Watu walipanga foleni. Walikuwa wakigusa ngozi ile kwa ncha za vidole, wengine wakifunga macho, na fundi aliyaona macho yale yakifunguka yameloa. Haikuwa mchezo tena. Kijana mmoja alikuja na simu akamrekodi, na fundi, ameshika njumu kifuani, akajikuta anasema yaliyokuwa yakisemwa na kila mtu: "Na huyo rubani alaaniwe! Ukungu anauona, anaruka vipi? Katuulia mtoto wetu." Video ile ilizunguka mji mzima kabla ya saa ya kulala.

Mshonaji hakupanga foleni. Alipima njumu kwa jicho lake la futikamba.

"Shemeji."

"Naam."

"Mshale alikuwa mrefu kama mlango. Hizo zingemwingia?"

"Ngozi husinyaa," fundi akasema.

"Aa," mshonaji akasema, akarudisha macho kwenye kitambaa. "Kumbe." Kwa siku mbili zilizofuata hakumtania hata mara moja, na hilo fundi alilisikia kuliko utani wote.

Jumapili kulikuwa na kisomo cha kumbukumbu uwanjani, saa tisa. Mwenyekiti wa mashabiki, ambaye kwa sauti yake mtaa mzima ulimwita Kipaza, alikuwa amekwisha panga: njumu zitabebwa juu ya mto mwekundu, zitazungushwa uwanja mzima, fundi mwenyewe akitangulia. "Saa nane na nusu nakufuata hapa," alimwambia. "Oga, uvae shati la maana. Leo nchi nzima itakuona."

Saa nane fundi alikuwa na shati la maana, na kwapa zimelowa. Foleni ilikuwa bado ipo. Ndani ya foleni hiyo mwanamke mmoja alisogea mpaka mbele, lakini hakuzigusa njumu. Alikuwa wa makamo, amevaa nguo nyeusi, ana vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta kama walimu walivyo hata siku zisizo za shule. Aliketi benchini, akavua kiatu cha kulia, akaweka mguu mtupu juu ya kipande cha boksi.

"Leo sishoni, mwalimu," fundi akamwambia kwa upole. "Tuna msiba."

"Naelewa. Na mimi nina msiba. Kisigino tu, fundi. Kitazame."

Alikipokea ili asimvunjie heshima. Akakigeuza. Kidole gumba kikapita kwenye kisigino, kikasimama.

Kimelika upande wa nje. Si kidogo, si sana. Kwa mshazari ule ule, kama vile patasi moja imepita kwenye viatu viwili. Fundi aliinua macho ukutani, akayashusha. Mguu ule ulikuwa unamsalimia, na sasa ndipo alipokumbuka: jioni moja ya mvua, mwanamume mcheshi ameshika njumu, pembeni yake dada mtu amefungua mwavuli. Timu ya wakongwe, Jumapili kwa Jumapili. Mwanamume alisema kazi yake haina ratiba, huenda akachelewa kuzifuata, naye fundi akamjibu kwa majivuno, uzi mdomoni, nenda tu bwana, hata usipoleta kadi, mimi mguu siusahau.

"Tulizaliwa siku moja," mwalimu akasema, sauti ya chini, ya kwao wawili. "Mama alikuwa akisema tunatembea kama mtu na kivuli chake." Alifungua mkono. Ndani yake kulikuwa na nusu ya kadi, arobaini na moja. "Alikuwa ameibana kwenye fremu ya kioo, asisahau. Yeye alikuwa rubani."

Mshumaa mmoja ulizimika miguuni pa fundi.

"Tulichozika juzi hakikuwa na uzito, fundi. Moto ulichukua kila kitu. Tumezika mapema, watu saba, kwa sababu tuliogopa kurushiwa mawe." Aliifumba kadi ndani ya kiganja. "Halafu mwanafunzi wangu akanionyesha video. Umezishika njumu zake, umezibana kifuani, unamlaani mwenyewe. Nikaitazama mara tatu. Nikasema hapana, yule ni yule fundi asiyesahau mguu."

"Sikujua, dada yangu. Wallahi sikujua ni zake."

"Ulijua si za Mshale."

Fundi alichukua kopo la kiwi. Kifuniko kilimshinda mara mbili kabla hakijafunguka. Aliitoa nusu yake, ikiwa na doa jeusi, wala hakuhitaji kuilinganisha na ile nyingine. Akasimama, akaziteremsha njumu, akachomoa lile ua jeupe lililokwisha nyauka, akazipangusa njumu vumbi kwa mkono wa shati la maana. Foleni ilinung'unika. Alizitia kwenye mfuko wa karatasi, akazikabidhi kwa mikono miwili, kisha, bila kufikiri, akakiokota tena kiatu cha mwalimu kilichokuwa benchini.

"Pita huku nyuma ya baraza ya mshonaji," akamnong'oneza. "Nenda salama. Hapa nitajua la kuwaambia."

Mwalimu alikumbatia mfuko. Hakunyanyuka. Ndipo Kipaza alipofika na watu wake sita na mto mwekundu.

"Fundi! Tumechelewa! Ziko wapi?"

Ukuta ulikuwa na misumari tu. Fundi alisimama mbele yake kana kwamba angeweza kuuficha.

"Mwenyekiti... sikiliza. Nilikosea. Zile hazikuwa zake."

"Unasema?"

"Hazikuwa za Mshale. Nimechunguza vizuri leo, nikaona hapana. Nisameheni."

Kimya kilianzia mbele ya foleni, kikaenda mpaka nyuma, jinsi maneno yalivyopokezanwa. Yule mama wa maua alikuwepo. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliogusa, akaushika kwa mkono wa kushoto.

"Watu wamelia hapa siku tatu," Kipaza akasema. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakupaza sauti. "Wazee wamepiga magoti hapa. Ni za nani basi?"

Njia ilikuwa wazi, na fundi aliiona yote. Mwalimu ataondoka na njumu zake bila kuguswa na mtu. Kipaza atatukana, atakwenda uwanjani na mto mtupu. Kesho watamcheka, kesho kutwa wataleta viatu. Na hata haikuwa uongo mkubwa. Mpaka robo saa iliyopita ulikuwa ukweli.

"Za mteja tu," akasema. "Mtu wa zamani. Nimemsahau."

Nyuma yake benchi lililia. Mwalimu alikuwa amesimama, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu juu ya lami ya moto, mfuko kifuani. Hakupiga kelele. Alitumia sauti ile ambayo darasa la watu sitini hunyamaza kuisikia.

"Hajamsahau," aliwaambia watu. Kisha akamgeukia. "Fundi, yumo mkononi mwako sasa hivi. Kiatu changu bado umekishika."

Watu wote walitazama mkono wa fundi. Naye akautazama. Kilikuwamo kweli, na kidole gumba kilikuwa bado juu ya kisigino, upande wa nje, kinakwenda na kurudi.

"Ulimlaani mbele ya watu," mwalimu akasema. "Nasubiri."

Mshonaji alinyoosha mkono, akaizima redio.