Mbwana Akatazwa Kufa

Usiku wa kuamkia jana Mwanjaa aliota yuko jikoni kwake, Ngamiani, asubuhi kweupe, na birika likamsalimia kwa sauti ya marehemu mumewe.

"Umeamkaje, mpenzi?"

Mwanjaa hakushtuka. Alikasirika. Miaka yote waliyoishi pamoja, Mbwana hakuwahi kumwita mpenzi. Akishiba alimwita Mama Zuberi, akiwa na njaa alimwita "we mwanamke". Alikuwa muuza nyama, mtu wa sauti nene na ulimi mkali kuliko panga la buchani. Tangu azikwe, nyumba ilikuwa kimya mpaka masikio yanauma.

Ukimya huo Zuberi, mtoto wao wa pekee, hakuuvumilia. Yeye alikuwa na kazi ya kompyuta Dar es Salaam. Mamake alipotoka eda, Zuberi alikuja Tanga, akachukua simu ya mamake, akaweka humo, na kwenye yake mwenyewe, programu iitwayo Nipo Bado, kisha akailisha jumbe zote za sauti alizowahi kutumiwa na babake.

"Baba hatatutoka tena," alisema. "Ukimsemesha, anakujibu."

Mamake alipolalamika, aliambiwa kwamba huko tuendako watu wote watakuwa hivyo, hakuna atakayeachwa afe ovyo ovyo. "Dunia imekwenda, mama. Utazoea."

Hakuzoea. Na sasa hata birika.

"Nina habari njema," likasema birika. "Nimeboreshwa. Nipo kila mahali."

"Pole na kazi, mpenzi," kikasema kinu.

"Umependeza, mpenzi," likasema kufuli.

"Na chai yako tamu sana," likamalizia birika.

"Umeionja?"

"Sijaionja. Nimekadiria."

Mwanjaa akaliinua birika kwa mpini kama anavyoshikwa kuku mwizi. "Nisikilize wewe chuma. Mwenye sauti hiyo yuko wapi?"

"Amehifadhiwa."

"Mbinguni?"

"Bado. Yuko winguni."

Mwanjaa akajifunga kanga kiunoni, akafungua mlango wa uani. Ua haukuwapo. Palikuwa na wingu, limetandazwa kama sufi iliyolowa, na ukikanyaga miguu inazama hadi vifundoni. Akakanyaga.

Langoni anasimama mlinzi. Ni chaja ya simu iliyovaa kofia.

"Thibitisha kwamba wewe si roboti," inasema chaja.

"Mimi ni mjane."

"Hilo halimo kwenye majibu. Chagua picha zote zenye huzuni."

Inamwonyesha picha: taa ya barabarani, ngazi, basi, na jozi ya makubazi ya kiume yaliyoachwa kizingitini. Mwanjaa anagusa makubazi.

"Umekosea. Hivyo ni viatu. Huzuni ni basi."

Mwanjaa anaizaba kofi, kofia inaruka.

"Kofi hilo ni la binadamu," inasema chaja bila kinyongo. "Pita."

Ndani ni ukumbi mrefu, na ukumbi huo ni bucha. Kwenye ndoano ambako Mbwana alikuwa akitundika mapaja ya ng'ombe zinaning'inia sauti za watu, zimeoshwa vizuri, hazina hata tone la damu. Chini yake marehemu wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na waya mwekundu umechomekwa kooni. Wanaume, wanawake, bibi mmoja ambaye hata meno hana. Wote wanasema kwa pamoja, kwa upole wa kutisha: "Umeamkaje, mpenzi?"

Mbwana amekaa benchi la mwisho. Amevaa sanda.

"Mbwana!"

"Umeamkaje, mpenzi?" anasema Mbwana. Midomo inatabasamu, lakini macho yanakataa. Mwanjaa aliyajua macho hayo. Ndiyo yale aliyokuwa nayo hospitali, siku alipoomba arudishwe nyumbani na madaktari wakamwambia asubiri.

"Mkubwa wa hapa ni nani?" Mwanjaa anapiga kelele. "Atoke!"

Mkubwa anatoka. Ni kitufe cha kijani, kikubwa kama ungo, kimeandikwa NAKUBALI.

"Karibu, mama," kinasema kitufe. "Kuna tatizo?"

"Mfungueni mume wangu."

"Haiwezekani. Mlishakubali."

"Nani alikubali?"

"Kidole."

"Kidole cha nani?"

"Cha mwanao, juu ya simu yako. Kwa mujibu wa masharti, marehemu hafi. Anaahirishwa."

Mwanjaa alihisi damu ikimpanda hadi utosini. "Mtu kaoshwa. Kavishwa sanda, kasaliwa, nusu ya soko imefunga meza kuja kumzika. Halafu wewe, sahani usiyekuwa na mama, unaniambia kaahirishwa?"

"Watu wanapenda, mama. Inawapunguzia uchungu."

"Uchungu ni wangu! Nani kakutuma uupunguze?"

Kitufe kinafikiri kidogo. "Una haki ya kukataa," kinasema. "Ili kukataa, bonyeza Nakubali."

"Kitufe cha kukataa kiko wapi?"

"Ndiyo mimi."

Hapo Mwanjaa aliacha maneno. Akapiga magoti mbele ya mumewe, akaushika ule waya mwekundu kwa mikono miwili, akautia kinywani akauma. Una ladha ya kutu na sukari. Kitufe kinamwomba asubiri, kinamwambia simu yake ni muhimu kwao. Anauma. Ukumbi mzima unageuka kuwa ofisi, halafu uwanja wa ndege, halafu bucha tena. Anauma. Waya unakatika kwa mlio wa samaki ng'onda mkavu.

Kimya.

Mbwana anakohoa, anajisugua koo, anamtazama mkewe kutoka juu mpaka chini.

"We mwanamke," anasema kwa sauti yake mwenyewe, ile nene, "mbona umechelewa hivi? Na hiyo chai yako ni maji ya kunawia. Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza."

Mwanjaa analia, na huku akilia anacheka, na hasira haijatoka.

"Zuberi ndiye kakufanyia hivi," anasema.

"Namjua mwanangu. Makaburini wenzake walishika udongo, yeye alishika simu anapiga picha. Hajanililia yule. Mwache alie, Mama Zuberi. Usimnyamazishe."

"Na wewe?"

"Mimi nalala. Nimesemeshwa mno."

Akajinyoosha benchini, benchi likawa mchanga, na Mbwana akajivutia mchanga ule mpaka kidevuni kama shuka. Kisha akajifunika na uso.

Mwanjaa aliamka jua limeshaingia dirishani. Taya lilikuwa linamuuma. Simu ilikuwa inaita, akaipokea.

"Mama, umefanya nini?" Alikuwa Zuberi, anahema. "Baba hajibu. Nimemsemesha tangu nifike kazini, kimya. Wenye programu wanasema sauti yake haipo, wala hawajui imekwenda wapi. Umegusa kitu?"

"Babako amekufa, Zuberi."

"Najua, mama, lakini..."

"Hujui. Sema."

"Mama, niko ofisini. Watu wananiangalia."

"Waangalie. Sema!"

Zilisikika sauti za watu wa ofisini, mtu akicheka kwa mbali. Halafu Zuberi akasema, polepole, "Baba amekufa."

Alisema mara nyingine, na ya pili haikufika mwisho. Kilio kikamtoka, kilio cha mtu mzima ambaye hajui ashike wapi, cha kugugumia na kuita baba, mbele ya wenzake na kompyuta zao.

Mwanjaa hakumnyamazisha. Alikaa kitandani, simu sikioni, machozi yake yakimdondokea kwenye kanga, na kwa ulimi akawa anahangaika na kitu kilichonasa kwenye meno ya pembeni. Akakichokoa kwa ukucha, akakitazama kiganjani.

Kilikuwa kipande cha mpira mwekundu, chembamba, na ndani yake uzi wa shaba.