Weupe Usivuke Nguzo

"Weupe wako usivuke hiyo nguzo," nilimwambia Ngendo.

"Nyumba ni moja, Mama Mutahi. Itakaaje na rangi mbili kama mbuzi?"

"Mbuzi wa rangi mbili huliwa kama wengine."

Hakucheka. Alichovya mkono kwenye karai, akapaka kiganja kingine cha udongo mweupe ukutani, shubiri moja tu kutoka kwenye nguzo. Tulikuwa tukibishana tangu tulipotoka kuchimba mtaro wa kuzungushia kijiji saa nane, na karai lilikuwa limebaki nusu.

Ngendo ni mke mwenzangu. Theuri alimwoa miaka sita baada ya kunioa mimi. Kule nyumbani, kabla hatujaamriwa kubomoa na kuhamia kijiji hiki karibu na Chaka, kila mmoja wetu alikuwa na nyumba yake, moto wake na ghala lake, naye Theuri alikuwa na nyumba yake ya wanaume. Usingeweza kujua mume amelala wapi isipokuwa ukitaka sana kujua. Mimi nilitaka sana. Nyumba ya Ngendo ilikuwa na mkanda mweupe kuzunguka mlango, na mkanda huo ulionekana hata gizani. Niliutazama miaka minne.

Hapa kijijini orodha ya serikali ilisema nyumba moja kwa kila mume. Wake ni wangapi, haikuuliza. Basi tukajenga chumba kimoja cha duara, bila ukuta wa kati, bila dirisha. Mafiga yangu kushoto, yake kulia, nguzo ya ukutani ndiyo mpaka, na vitanda vyetu vinatazamana kama watu waliokosana. Anayeingia huona kila kitu kwa mara moja. Na kesho lori lingemleta Theuri kutoka kizuizini, baada ya miaka miwili. Angesimama mlangoni, atazame huku na huku, kisha aende upande mmoja. Kabla ya jioni kijiji kizima kingejua ni upande gani.

Mimi nilichagua nyekundu. Nilichukua udongo wa juu wa mtaro, nikauchanganya na samadi, nikausugua kwa jiwe la mto mpaka ukang'aa. Ulikuwa ukuta mzuri na nilijua hivyo. Udongo mweupe uko chini kabisa, mtu anakochimba akiona anga tu. Ngendo aliutoa huko siku tatu, akauficha kikapuni chini ya kuni ili askari wasiumwage.

"Unamwashia taa," nilimwambia.

"Taa gani?"

"Kama ule mkanda wako wa mlangoni. Unafikiri nimesahau?"

"Ule niliupaka kwa sababu mlango ulikuwa mfupi. Watu walikuwa wanagonga vichwa."

"Mtu mmoja ndiye alikuwa anagonga kichwa."

"Ndiyo. Mume wangu."

"Wetu."

"Wetu, siku zingine," alisema, akapaka tena.

Nilimshika mkono. Udongo ukanirukia usoni, nikaufuta na kumwambia neno ambalo nilikuwa nimelibana kooni siku kumi.

"Na barua ikaja kwa jina lako."

Barua hiyo ilisomwa langoni na Mbuvi, askari Mkamba, kwa sababu iliandikwa kwa Kiswahili na sisi wawili hatujui kusoma. Aliposema, "Kwa mke wangu Ngendo," nilibeba mtungi wangu nikaenda kupanga foleni ya maji. Sikurudi.

Ngendo aliuvuta mkono wake. Aliliweka karai chini ya nguzo, akakaa kwenye kitanda chake.

"Ulipoondoka, Mbuvi alikuwa hajamaliza."

"Sikutaka kusikia jinsi anavyokutamani."

"Hakuandika hayo. Aliandika habari ya macho. Amekuwa akivunja mawe. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona vivuli, na linaona kitu cheupe. Anasema karani alikuwa akija, akaona shati lake jeupe tu, karani mwenyewe hakumwona."

Nilikaa pia. Sikuwa nimepanga kukaa.

"Siku kumi unajua hivyo," nilisema, "na hukuniambia."

"Alitaka uambiwe. Ndiyo sababu."

"Sema vizuri."

"Ati, 'Mwambie Watiri kwanza. Yeye hatalia, atajua la kufanya.' Barua inakuja kwangu, halafu maneno yenye uzito ni yako. Mimi nilie, wewe ujue la kufanya. Nikasema nitayaweka hayo maneno mpaka nichoke."

"Umechoka?"

"Umenishika mkono vibaya. Nimechoka."

"Na kwa nini akaandika jina lako?"

"Mbuvi alisema fomu ina nafasi ya mke mmoja."

"Akaandika lako."

"Akaandika langu."

Hakuongeza kitu cha kunibembeleza. Angeongeza, ningemchukia zaidi.

Niliutazama ukuta wangu mwekundu. Jua lilikuwa bado liko nje, lakini ndani, mbali na mlango, ulikuwa umeshakuwa mweusi. Theuri angesimama pale, kulia kwake kweupe, kushoto shimo, naye angeenda kulia. Angefuata mwanga tu. Lakini majirani wasingejua hivyo, na mimi mwenyewe ningejua kwa wiki moja, kisha ningesahau na kuanza kutazama kitanda cha Ngendo.

Filimbi ya kufungiwa ndani ilikuwa saa kumi na mbili. Udongo ungehitaji jua la asubuhi kukauka.

Nilichukua panga nikaanza kuukwangua ukuta wangu. Wekundu wa siku mbili ulianguka vipande vipande juu ya miguu yangu.

"Lete karai," nilimwambia.

"Hautatosha."

"Utatosha ukiongeza maji na ukiacha kupaka kama mtu anayesiriba ghala. Nyembamba."

Alimimina maji, akakoroga kwa mkono, akaanza kwenye nguzo, akavuka. Sikumzuia. Nilichota yangu kwa viganja viwili nikaenda mlangoni, upande wa kushoto, pale mkono wa mtu asiyeona unapogusa kwanza anapoinama kuingia. Nikaanzia hapo.