Mashine ya Ndung'u Iliyopiga Maji

Vitu viliwekwa mezani kimoja kimoja, na Simeon Kimeu akavihesabu kila kilipogonga ubao. Vipande vitatu vya bomba la chuma, kila kimoja urefu wa mkono. Komeo la mlango. Springi. Mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Mwaka huo wa 1955 hakuna mtu Ruiru ambaye hakujua vitu hivyo vikiunganishwa hutoa nini. Watu wa msituni, waliopigana na Serikali, walitengeneza bunduki kwa vitu hivyo hivyo, na aliyekamatwa na bunduki alinyongwa.

Simeon alikuwa mkalimani wa polisi, Mkamba wa Matungulu, mashariki ya Thika. Misheni ndiyo iliyomfundisha Kiingereza, na Kiingereza ndicho kilichomlipia chumba cha Thika alichokaa na mkewe, Mwongeli. Kazi yake ilikuwa kumgeuzia Inspekta wa Kizungu maneno ya washukiwa. Alikuwa na kanuni moja, nayo hakuwahi kuivunja: haongezi, hapunguzi. "Mimi ni mdomo tu," alimwambia Mwongeli kila alipoulizwa analalaje usingizi.

Mshukiwa wa siku hiyo aliitwa Ndung'u, fundi wa mabomba katika shamba moja la kahawa. Alisimama mbele ya meza na pingu mikononi, shati limechanika begani. Aliyemleta ni Jeconia, kiongozi wa homgadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na Serikali walinde vijiji.

"Juzi jioni nilikuwa nyuma ya nyumba yake," Jeconia alisema kwa Kiswahili, akimtazama Inspekta usoni. "Nikamsikia akimwambia mkewe hivi: 'Ikishaanza kupiga, itapiga yenyewe bila mtu, na itafika mpaka kambini.' Asubuhi tukapekua. Tukapata hivi vitu, na mabomba mengine yamefichwa kwenye nyasi kuanzia mtoni mpaka juu."

Kambini maana yake kambi ya homgadi, iliyokuwa juu kabisa ya kijiji. Simeon alitafsiri, lakini alijua hakukuwa na haja. Inspekta, kijana aliyekuwa bado na ngozi nyekundu ya mgeni, hakujua Kiswahili kingi, ila neno "piga" alilijua vizuri.

"Muulize kama alisema hivyo."

"Nilisema," Ndung'u alijibu kabla Simeon hajamaliza swali. "Ni kweli, nilisema. Lakini nilikuwa nasema maji. Ni pampu. Inapiga maji."

Kisha akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Simeon alivyozidi kukosa maneno. Tangu watu wakusanywe katika kijiji kile kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, wanawake waliruhusiwa kwenda mtoni saa moja tu kwa siku, wakisimamiwa na bunduki. Mteremko ulikuwa mkali, na walipanda mbio na maji mgongoni kwa kuogopa kuachwa nje ya lango. Gathoni, mkewe Ndung'u, alikuwa ameanguka hapo mwezi wa tatu. Mimba ya miezi sita ikatoka palepale njiani.

"Kwenye kiwanda cha kahawa," Ndung'u alisema, "ukifunga maji ghafla, bomba linapiga teke. Nimeliona miaka mingi. Linaruka kama punda. Nikajiuliza, lile teke linapotea bure kwa nini? Nikatengeneza mlango mdogo ndani ya bomba, unajifunga wenyewe maji yakishika kasi. Kila ukijifunga, teke linasukuma maji kidogo juu. Halafu unafunguka, unajifunga tena. Haili petroli wala makaa. Mto wenyewe ndio injini."

Simeon alitafuta Kiingereza cha teke la bomba, akakisema alivyoweza. Inspekta alicheka kwa pua.

"Mwambie maji hayapandi mlima."

Kusema kweli, Simeon naye aliamini hivyo. Tangu azaliwe hakuwahi kuona maji yakipanda mlima bila kubebwa.

"Nani alimpa mabomba?"

"Meneja wa shamba," Ndung'u alijibu. "Ni mabomba chakavu. Lakini yuko likizo Uingereza mpaka mwezi wa tisa."

Inspekta alifunga faili. Akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa sita na nusu. "Lori la korti ya Thika linaondoka saa nane. Muulize kama ana neno la mwisho."

Simeon aliuliza. Ndung'u aliziangalia pingu zake. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamezimika.

"Mwambie anipeleke tu," alisema. "Nimechoka kueleza. Hawa waliamua kabla sijaingia mlangoni."

Maneno yalikuwa mepesi. Hata mtoto wa darasa la nne angeyatafsiri. Simeon alifungua mdomo. Akaliona lile komeo juu ya meza. Liliungwa na kijiti cha shaba, na kando yake ulilala ule mpira, duara lililokatwa kwa uangalifu, laini pembeni kote, likiwa na tundu dogo katikati. Bunduki haina haja ya duara la mpira. Mtu alikaa siku nyingi na kisu akilikata lile duara.

"Anasema," Simeon alitamka kwa Kiingereza, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, "anaomba Bwana ampe saa moja mtoni. Mashine bado iko pale. Isipopandisha maji, atakwenda Thika bila ubishi."

Jeconia aliinua kichwa ghafla. Ndipo Simeon alipokumbuka: Jeconia alipigana vita vya dunia mpaka Burma, miaka minne chini ya maofisa wa Kiingereza, na lugha yao aliielewa.

Inspekta aliigonga kalamu mezani mara mbili. "Saa moja," akasema.

Landrover iliwashusha ukingoni mwa mto saa saba kasorobo, pamoja na vile vitu vya mezani. Katikati ya mawe, chini ya maporomoko madogo, palikuwa na silinda kuukuu ya kuzimia moto, imesimamishwa wima na kufungwa kwa waya. Bomba nene liliingia ubavuni mwake kutoka juu ya maporomoko, na jembamba likatoka na kupotelea nyasini kuelekea kijijini. Homgadi walikuwa wameing'oa ile sehemu ya komeo tu, maana nyingine hazikubebeka; vile vipande vya bomba vilitoka nyumbani kwake.

"Fungueni pingu niifunge valvu, ule mlango mdogo," Ndung'u alisema.

Inspekta alikataa hata kabla ya tafsiri. Akamwelekezea Simeon kidole. "Pingu zitabaki. Kama unamwamini, funga wewe."

Simeon alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Askari Ajwang alitumwa juu kijijini kusimama kwenye mdomo wa bomba jembamba. Ndung'u alipiga magoti juu ya jiwe akaelekeza kwa kidevu: springi hapa, komeo pale, kaza, kaza tena. Vidole vya Simeon, vilivyozoea kalamu, viliteleza vikachubuka. Alipomaliza, akaondoa kizibo kilichozuia maji kwenye bomba nene. Maji yalishuka kwa nguvu, yakabubujika kwenye valvu, yakaendelea kububujika. Hakuna kilichojifunga. Hakuna kilichogonga.

Dakika kumi zikapita hivyo. Inspekta alitazama saa yake ya mkono.

Jeconia alisogea mpaka ukingoni, akainama kana kwamba ananawa. "Nilisikia ulivyosema kule ofisini, karani," alinong'ona. "Na nilisikia alivyosema yeye. Maji yasipopanda nitamweleza Inspekta, mwende Thika nyote wawili."

Simeon aliinamia mashine. Alimfikiria Mwongeli akingoja mlangoni na chakula kikipoa.

"Ngai!" Ndung'u alimtaja Mungu ghafla. "Mpira! Umeuweka juu chini. Upande wenye alama ya kisu utazame chini."

Simeon alizuia maji, akafungua komeo, akaugeuza mpira, akafunga tena, akaachia maji. Saa saba na dakika ishirini na tano.

"Sasa haitaanza yenyewe. Iamshe. Bonyeza komeo kwa kidole gumba, liache lirudi. Tena. Usihesabu, endelea tu."

Alibonyeza. Valvu ilijifunga kwa mshindo ulioupanda mkono wake mpaka begani. Akabonyeza tena. Mara kumi, ishirini, thelathini. Kila alipoacha ilikaa kimya, nao ukucha wa kidole ukaanza kutoa damu. Alikuwa akijiandaa kubonyeza tena pale komeo liliposhuka lenyewe, chini ya kidole chake, kisha likapanda. Tak. Likashuka. Tak. Alitoa mkono polepole, kama mtu anayemwachilia mtoto atembee. Tak. Tak. Tak.

"Kelele si maji," Inspekta alisema.

Hilo lilikuwa kweli. Bomba lilikuwa refu na lilipaswa kujaa kwanza. Walisimama. Dakika tano zikapita, kisha nane. Kiungo kimoja nyasini kilikuwa kikivuja, na Simeon akaona uso wa Ndung'u ukigeuka rangi. Mtu alilazimika kwenda kukikandamiza. Aliyekwenda ni Jeconia. Hakuambiwa na mtu. Aliweka bunduki begani, akachuchumaa, akakibana kiungo kwa viganja viwili.

Saa saba na dakika arobaini na mbili sauti ya Ajwang ikatoka juu, imechanganyika na mayowe ya wanawake waliokuwa ndani ya lango.

"Inatema! Bwana, maji! Yananilowesha viatu!"

Inspekta alipanda mlima bila kungoja mtu. Walimkuta amekinga kiganja kwenye mdomo wa bomba, maji yakimdondokea kwa mapigo, mapigo, yakifuata mdundo ule wa chini. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza Simeon aliona jinsi alivyokuwa mdogo wa umri. Kisha akasema pingu zifunguliwe.

Mambo hayakuisha siku ile. Ndung'u alilala rumande siku nne zaidi, mpaka shamba lilipoleta barua kuthibitisha kuwa mabomba hayakuibwa. Lakini lori la Thika liliondoka bila yeye.

Jioni, Simeon akipanda baiskeli, Jeconia alimfuata nje ya kituo.

"Kiingereza chako kinaongeza maneno, karani."

"Utasema?"

Jeconia alitema mate pembeni. "Mke wangu huteka maji mto uleule," alisema, akaenda zake.

Mwongeli aliposimuliwa yote, alidhani mumewe angekuwa na furaha. Badala yake Simeon alianza kuiogopa kesho yake kazini. Wiki iliyofuata alipigiwa magoti na mama aliyetuhumiwa kupeleka chakula msituni, na maneno yake yakawa ya kumtia kitanzini. Simeon aliyatafsiri yalivyo. Siku mbili baadaye akaletwa mzee mmoja, naye pia akamtafsiri alivyo. Lakini sasa alijua angaliweza kufanya vinginevyo, na kujua huko kulimnyima usingizi kabisa. Amwongezee nani? Amwache nani? Kabla ya Krismasi aliandika barua ya kuacha kazi, akarudi Matungulu kufundisha shule ya misheni kwa nusu ya mshahara.

Ndung'u aliamriwa kutengeneza mashine nyingine mbili, kwa vijiji vingine. Hakulipwa, ila alipewa pasi ya kutembea nje ya kijiji. Gathoni alizaa mtoto wa kike mwaka 1957.

Mwaka uliofuata Simeon alimwandikia Ndung'u kuhusu shule iliyokuwa juu ya kilima na watoto waliokuwa wakichelewa masomo kwa sababu ya kuteka maji. Ndung'u alishuka kwenye garimoshi stesheni ya Thika na mzigo wa mabomba, wakaupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Asubuhi walikwenda kuukagua mto. Ndung'u alikiangalia kijito kile kwa muda, akatikisa kichwa.

"Hapa hauna mteremko wa kutosha," alisema. "Twende juu kidogo."

Wakapanda kufuata maji, wakisikiliza sauti ya maporomoko.