Mia Nne Kumi na Mbili kwa Sifuri

Sifuri yenyewe ilikuwa kubwa kama yai, imechorwa kwa wino mwekundu, na chini yake Profesa alikuwa ameandika: Matokeo hayawezekani. Uzembe.

Sindano alipoisoma mara ya kwanza alidhani ameokota ripoti ya mtu mwingine. Mara ya pili akaona namba yake ya usajili. Mara ya tatu damu ikamchemka mpaka masikio yakawa ya moto, palepale kwenye korido ya idara ya bayolojia, huku wenzake wakisukumana kuchukua ripoti zao na kupongezana kwa makofi ya mgongoni.

Jina hilo la Sindano alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu tangu utotoni alikuwa mwembamba, mnyoofu, na ukimshika vibaya anachoma. Mtu wa namna hiyo angesomea sheria tungeelewa. Yeye alipenda vidudu. Alikuwa mwaka wa pili wa shahada, na zoezi la maabara la somo la urithi lilibeba alama arobaini katika mia. Ukipata sifuri hapo, hata mtihani uufanye na malaika amekaa bega lako la kulia, unarudia mwaka.

Zoezi lenyewe halikuwa la kumtoa mtu jasho. Kuna nzi wadogo wanaopenda ndizi mbivu, kila mtu anawajua. Wengi wana mabawa ya kawaida, lakini wapo waliozaliwa na mabawa mafupi yaliyojikunja, ambao hawaruki hata uwafukuze kwa ufagio. Ukiwazalisha wa aina hizi mbili, watoto wote wanatoka na mabawa mazima. Ufupi umejificha ndani yao. Watoto hao wakizaana wenyewe kwa wenyewe, ndipo ufupi unapojitokeza: katika kila wajukuu wanne, watatu wazima, mmoja mfupi. Tatu kwa moja. Fundi wa maabara ndiye aliyeandaa kizazi cha watoto. Kila mwanafunzi alipewa chupa yake yenye uji mzito wa mahindi chini na pamba mdomoni, akaambiwa asubiri wajukuu, awalaze kwa etha, awahesabu chini ya darubini.

Sindano alihesabu. Alihesabu kwa siku tatu, kwa brashi ndogo, mpaka shingo ikakakamaa. Wenye mabawa mazima, mia nne kumi na mbili. Wenye mabawa mafupi, hakuna. Akaandika alichokiona.

"Wewe nawe," alisema Bitozi, mwenzake wa chumbani, aliyeitwa hivyo kwa sababu hata maabara alikwenda amepaka rangi ya mdomo. Alikuwa amekaa kitandani akijipepea kwa ripoti yake yenye tisini na moja. "Nani alikwambia uhesabu?"

"Karatasi ya zoezi. Imeandikwa, hesabu."

"Haya, na mimi nimehesabu. Nimechukua mia tatu tisini na sita, nikagawa kwa nne. Nikaongeza mmoja huku, nikapunguza mmoja kule, isionekane imenyooka sana." Akacheka. "Darasa zima tumefanya hivyo, mwenzangu. Waliotutangulia walifanya hivyo. Ripoti zao zinauzwa pale kwa mpiga chapa, hukuziona?"

"Chupa yako uliifungua?"

"Niifungue ili iweje? Mimi nzi wananitia kinyaa."

Sindano alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Sitini darasani, hamsini na tisa waongo, na aliyesema kweli ndiye mzembe! Angekuwa na kitu mkononi angekirusha. Alikuwa na ripoti tu, na hiyo alitaka kuitunza.

Lakini hasira haikumzuia kufikiri, na hapo ndipo Profesa alipokosea kumpima. Nzi hawadanganyi, hawajui tisini na moja ni nini. Kama wajukuu wote ni wazima, basi ufupi haukuwepo tangu kwa bibi na babu. Na bibi na babu alikuwa nao mtu mmoja tu.

Alimkuta fundi wa maabara akiosha chupa kwenye sinki, mikono imechubuka kwa sabuni. Alikuwa mzee mpole, mwenye koti jeupe lililogeuka rangi ya chai, aliyemsaidia kila mwanafunzi aliyevunja kitu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuwaona nzi wa mabawa mafupi. Wale wazazi."

Mzee akaendelea kusugua chupa iliyokwisha kutakata. Akaisuuza. Akaipanga. Akafunga bomba.

"Walikufa," akasema.

"Lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Likizo ndefu, kabati la joto likaharibika, nikarudi nikakuta wamekauka. Nilimwandikia Profesa aagize wengine. Barua tatu. Akaniambia, wewe angalia utakavyofanya, wanafunzi wapate nzi." Akajifuta mikono kwenye koti. "Nikaweka ndizi dirishani. Waliokuja, ndio hao."

"Miaka mitatu unatugawia nzi wa dirishani?"

"Mwaka ule wa kwanza nilikaa roho juu, mwanangu. Nikajua zoezi likiisha tu watakuja wote sitini, watanipigia kelele, mzee wafupi wako wapi? Hakuja mtu. Nikazikusanya ripoti mwenyewe kumpelekea Profesa. Tatu kwa moja, tatu kwa moja, zote. Nikajiuliza kama ni mimi niliyechanganyikiwa." Akatikisa kichwa. "Wewe ndiye wa kwanza kuja."

"Basi twende ukaseme hayo kwa Mkuu wa idara."

Mzee alifungua bomba tena. Alibakiza miaka miwili kustaafu, na hilo alilisema baadaye, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kosa.

Rufaa ya Sindano ilisikilizwa siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, ofisini kwa Mkuu wa idara, mama mnene wa miwani aliyekuwa na kikombe cha chai mbele yake na mafaili kila upande. Profesa alikaa karibu naye, mguu juu ya mguu. Fundi wa maabara alisimama mlangoni. Sindano hakuambiwa akae. Alikuwa amebeba boksi la kadibodi, akaliweka chini.

"Binti huyu," Profesa alianza, "ni mkaidi, ila si mjinga. Kilichotokea ni rahisi. Alifungua chupa ovyo, wenye mabawa mafupi wakatoroka. Akahesabu waliobaki."

Sindano alisubiri aone kama kuna atakayecheka. Hakuna aliyecheka.

"Wametoroka," akarudia. "Wasioruka ndio waliotoroka, Profesa, na wanaoruka wakabaki kunisubiri?"

"Chunga ulimi wako!"

"Naomba Mzee aulizwe nzi wametoka wapi."

Mkuu wa idara akamgeukia fundi. "Mzee, nzi wa zoezi ni walewale wa siku zote?"

Fundi aliangalia viatu vyake.

"Ni walewale, Mama," akasema.

Lo! Kuna uongo unaouma kwa sababu unatoka kwa mtu unayemchukia, na huo una dawa. Huu ulitoka kwa mtu aliyemwita mwanangu. Sindano aliona bora afe kuliko kulia mbele ya mguu ule uliokaa juu ya mguu, akainama akafungua boksi.

Akatoa chupa sita, akazipanga juu ya meza ya Mkuu wa idara, katikati ya mafaili.

"Hizi si zangu. Ni za wenzangu, majina yao haya hapa. Pamba hazijaguswa tangu siku tulipogawiwa, angalieni wenyewe, zina vumbi. Huyu ana tisini na moja. Huyu themanini na nane. Huyu ameandika kahesabu wafupi mia moja na tatu."

"Rudisha chupa hizo maabara," alisema Profesa. Mguu ulishuka.

"Wafupi hawaruki. Ulitufundisha wewe, wiki ya pili. Kwa hiyo nikiwamwaga hapa, kila chupa itaacha wafupi kama mia wakitambaa mezani. Mimi nitakubali sifuri yangu na kuomba msamaha kwa magoti."

Akang'oa pamba ya kwanza akaikung'uta chupa juu ya meza. Akang'oa ya pili. Profesa alimshika mkono kwenye ya tatu, akachelewa. Nzi walitoka kama moshi. Walijaa dirishani, wakajaa kwenye taa, wakatua kwenye miwani ya Mkuu wa idara na kwenye kipara cha Profesa, watatu wakazama kwenye chai. Sindano akamalizia zilizobaki, chupa baada ya chupa, akigonga kila moja kwenye mbao kwa kishindo ambacho hakikuwa cha lazima.

Kisha akaelekeza kidole mezani. Palikuwa na mafaili, tone la uji wa mahindi, na vipande vya pamba.

"Nionyesheni mmoja," akasema. "Mmoja tu."

Mkuu wa idara aliinama, akaitazama meza yake kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga naye, alikuwa mwanabayolojia. Alipoinua uso hakumtazama Sindano. Alimwambia fundi, "Funga mlango."

Mlango ukafungwa.

"Tusikilizane," akasema, akipunga nzi. "Darasa hili ni sitini. Na miaka mitatu ni watu mia na themanini. Wengine wamehitimu, wako kazini, wako mahospitalini. Unataka tuwaite wote? Wewe una haki yako, nakubali. Utapewa tisini. Ila ripoti uiandike upya, namba zilingane na za wenzako, faili likae sawa." Akasukuma karatasi tupu na kalamu hadi ukingoni. "Mia tatu na tisa kwa mia moja na tatu. Dakika mbili tu, mwanangu."

Mwanangu tena! Sindano aliiona tisini hiyo. Alimwona mama yake akiwaambia wateja, pini mdomoni, kwamba binti anaendelea vizuri. Aliuona mwaka mzima wa kurudia, vitanda vilevile, Profesa yuleyule. Alitaka tisini ile, tusidanganyane. Aliitaka sana, na kule kuitaka ndiko kulikomkasirisha kuliko yote.

Akachukua kalamu. Akaandika: mia nne kumi na mbili, sifuri. Akairudisha karatasi.

"Basi sifuri yangu ibaki. Lakini andikeni sababu. Andikeni kwamba nimepewa sifuri kwa kuwa nimehesabu, mtie sahihi wote wawili, nikamwonyeshe mama."

Profesa aliangalia dirishani. Mkuu wa idara alivua miwani akaanza kuifuta. Kalamu ililala mezani hapana aliyeigusa.

Ni fundi wa maabara aliyesogea kutoka mlangoni. Alitembea polepole, akaomba radhi kwa kumpita Mkuu kifuani, akavuta karatasi. Aliandika akiwa amesimama: Wafupi walikufa. Hawa nimewatoa kwenye ndizi, miaka mitatu. Akaandika na tarehe za barua zake tatu, moja baada ya moja, kwa kichwa. Akatia sahihi.

Mkuu wa idara aliisoma mara mbili. Kisha akanyoosha mkono kwa Profesa bila kumtazama, akaomba kalamu nyekundu, akafungua faili la rufaa, akaikata ile sifuri kubwa kwenye ripoti ya Sindano.

"Mwambie karani abandike tangazo," akasema. "Darasa zima watarudia zoezi. Na nzi waagizwe leo."

Fundi alikuwa akimtazama Sindano. Macho yalikuwa yamemlowa, na alikuwa akingoja neno, hata dogo. Sindano alikusanya zile chupa tupu, akazirudisha kwenye boksi, moja moja.

"Mzee," akasema, "uliulizwa nikiwa nimesimama hapa peke yangu."

Akafungua mlango kwa kiwiko, akatoka na boksi lake, na nzi wakamfuata koridoni.