Kituo cha Kumi ni Hapa

Watu wa Nandagala wanajua kwamba mdomo wangu hauna breki. Sikatai. Kwa hiyo Jumatano ya Majivu nilipomuuliza mama mwaka huu nifunge nini, hakufikiri sana.

"Nyama hatuna, hiyo umeshafunga tangu Krismasi," alisema. "Funga ugomvi, Getruda. Siku arobaini."

Mama yangu, Lusiana, aliingia nchi hii msichana, akikimbia vita Msumbiji, na Kiswahili chake mpaka leo kinachechemea. Miaka minne iliyopita kiharusi kilimwangusha shambani kwenye ufuta, upande wa kushoto ukafa, na tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Miguu imekonda, imetoka vidonda. Mtu akipiga hodi, anavuta kitenge mpaka kwenye vidole. Hata mimi nikitaka kumwogesha, lazima nifunge mlango kwanza.

Padre humletea komunyo mara moja moja. Kilichokuwa kinamnyima raha ni msalaba. Ijumaa za Kwaresima jumuiya yetu hufanya Njia ya Msalaba mtaani, vituo kumi na vinne, kila kituo uwanjani kwa mtu. Mama alitaka aushike ule msalaba wa mninga unaobebwa kituo hadi kituo, kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo, kabla hajafa. Nikaenda kuomba kituo, nikapewa cha kumi, Ijumaa ya tatu.

Sasa ngoja niwaambie jinsi vituo vyetu vilivyogeuka. Zamani ilikuwa kigoda na mshumaa. Akatokea mtu akatandika kitambaa cha kudarizi, jirani yake akaongeza maua ya plastiki, wa tatu akafunga turubai jipya na mapambo. Mwaka huu mwenyekiti wetu Eliudi, fundi seremala, mtu mwema asiyekosa misa, akaleta utaratibu: kila kituo kiwe na meza, kitambaa cheupe, maua na viti, na mwenye nyumba achangie maandazi ya kula mwisho wa sala. Yesu anaanguka mara ya pili, sisi tunanong'onezana kama maandazi yatatosha.

Jumatano ya wiki yetu Eliudi alikuja kukagua. Akaangalia nyumba yangu ya udongo, nyasi za paa zilizofunikwa nailoni, uwanja wenye tope jekundu. Meza hakuiona kwa sababu haipo.

"Dada Getruda, usichukie," alisema. "Kituo cha kumi tutakipeleka kwa Titus. Pale kuna varanda, kuna sakafu. Ni kwa heshima ya Bwana."

Mama alikuwa ndani, anasikia. Ulimi wangu uliamka wote. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye, varanda, na Titus mwenyewe. Nikayameza.

"Sawa, Mwenyekiti."

Alipoondoka mama hakulia. Alivuta kitenge chake, akageukia ukuta. Niliyelia ni mimi, kwa hasira, nikipalilia ufuta mpaka jua likazama.

Ijumaa, saa kumi alasiri, nikasikia wimbo ukitokea kituo cha tisa. Kwenda kwa Titus njia ni moja tu, inapita mbele ya mlango wangu, huku ufuta, huku mtaro uliojaa maji ya mvua. Nikamkimbilia jirani yangu Mwanaheri. Mwaka huu Ramadhani yao na Kwaresima yetu zimeingia wiki moja, na alasiri ile midomo ilikuwa imemkauka.

"Nisaidie kumbeba mama."

"Tunampeleka wapi?"

"Njiani."

Akaniangalia, akajifunga khanga kiunoni. Tukambeba mama na mkeka wake, tukamkalisha katikati ya njia, kwenye tope. Nikasimama nyuma yake.

Spika ilikuwa imeshapelekwa kwa Titus kwa pikipiki. Msalaba ulibebwa na Tabitha wa jumuiya yetu, ilikuwa zamu yake, na watu wote nyuma. Wakatufikia, wakasimama. Eliudi akapita mbele, suruali yake nyeupe ameipandisha mpaka juu ya vifundo.

"Dada Getruda, tunachelewa. Msogeze mama."

"Kituo cha kumi ni hapa."

"Tulishakubaliana."

"Ulikubaliana peke yako, mimi nilikuwa nimefunga. Fungua kitabu chako, Mwenyekiti. Soma kituo cha kumi ni nini."

Hakufungua. Alijibu Tabitha, chini ya msalaba, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Yesu anavuliwa nguo."

"Anavuliwa nguo!" nikasema. "Mbele za watu, hajaachiwa hata kitambaa. Na wewe kitambaa unanidai mimi! Kwangu hakuna kitu, kweli. Kama hapa hapamfai, panamfaa wapi? Varandani?"

Titus akaangalia mtaro. Eliudi akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, kwamba si vizuri kuulaza msalaba wa Bwana kwenye tope.

Hapo mama akasogea. Kwa mkono wake mzima alishika kitenge, akakivuta kutoka miguuni, akakitandaza mbele yake juu ya tope, pembe moja baada ya nyingine. Haikuwa kazi ya haraka, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Miguu ikabaki wazi mbele ya jumuiya nzima, mikavu, vidonda vimepakwa dawa ya zambarau.

"Weka hapa," alimwambia Tabitha.

Tabitha akauweka. Magreti, mke wa Titus, akaja mbio na kitambaa cheupe cha meza yake, machozi yanamtoka, akainama amfunike mama miguu. Mama akakisukuma.

"Bado," alisema. "Sala haijaisha."

Basi tukasali, bila spika. Eliudi alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeupe. Mama hakuitikia pamoja nasi. Alikuwa ameukumbatia msalaba, shavu juu ya mti, anazungumza nao Kimakonde. Sikusikiliza. Hayakuwa maneno yangu.

Walipokwenda zao tulimrudisha ndani, na kitenge kikawa hakifai tena kwa tope. Nikataka kumletea kingine, akakataa. Akalala hivyo hivyo, mlango wazi.

Nje, Mwanaheri alikuwa ananawa miguu, anacheka peke yake.

"Jirani, mimi nimebakiza saa mbili," alisema. "Wewe umefuturu jua linawaka."

"Nimefuturu," nikamwambia, "na nimeshiba."