Soda ya Jirani wa Nne

Nyumba ya sita ilikuwa na bati jekundu, vyumba vitatu na kisima chenye kifuniko. Bwana Kule, ambaye katika miezi saba alikuwa amekwisha kuzikosa nyumba tano alizotaka kununua, hakutaka kutazama zaidi ya hapo. Mwenye chumba walichopanga, yeye na mkewe Kavira, alikuwa amewapa siku ya kutoka: Jumamosi. Nayo leo ilikuwa Alhamisi.

Ulikuwa mwaka wa tano tangu bunduki zinyamaze mjini Bunia. Waliokimbia walikuwa wakirejea, wanunuzi wa dhahabu walikuwa wakishuka kutoka Nizi na fedha taslimu, na nyumba iliyotajwa asubuhi haikuifikia adhuhuri bila kupata mtu. Mbili kati ya zile tano, Kule alinyang'anywa na mtu mmoja: Emery, mnunuzi wa dhahabu mwenye pikipiki ya buluu. Na sasa pikipiki hiyo ilikuwa imesimama mlangoni pa ua.

"Papa Kule! Weye tena?" Emery aliita, akiwa amekaa juu ya pikipiki yake. "Siye wawili tutaishia kuoana."

"Leo nimekutangulia."

"Utangulie, lakini usisinzie. Ukiachilia kalamu tu, mi naikamata."

Ndani ya ua, Anselme, aliyejitambulisha kuwa ndiye mwenye nyumba, alikuwa ametandaza karatasi ya mauzo mezani. Desturi ya mtaa ilikuwa hii: mnunuzi huleta soda, majirani wa pande nne huitwa, na kila anayekubali kwamba mipaka ni ile na muuzaji ndiye mwenye nyumba, hunywa, kisha huweka jina lake. Katika nyumba za kwanza Kule alikuwa akiwazungukia majirani kuwauliza kabla ya siku ya soda, na mara mbili, aliporudi, alikuta nyumba imekwenda. Basi safari hii hakumuuliza mtu. Alinunua kreti, akaja nayo.

Majirani watatu walikunywa. Wa nne, bibi mzee wa upande wa jikoni aitwaye Elisabeth, aliiweka chupa yake chini bila kuifungua.

"Mama, unywe basi," Kule akamsihi.

"Kiu niko nayo, mutoto yangu. Lakini hii, hapana."

Anselme akacheka. "Kichwa ya huyu muzee ilibakia mu vita. Batatu banatosha. Andika jina, papa."

Kule akaishika kalamu. Alijua kwamba watatu si wanne. Lakini macho yake yalikuwa yakiona magodoro yamerundikwa kando ya barabara siku ya Jumamosi, na binti yake Alliance ameketi juu yake, na nafsi iliyochoka huona haki katika kila njia iliyo fupi.

"Baba Alliance, ngoja," Kavira akasema.

"Ningoje nini? Ile nyumba ya mtaa wa Shari tuliingoja. Leo iko wapi?"

"Iko kwangu," Emery akajibu kutoka mlangoni.

Kavira alikwenda akachuchumaa mbele ya Elisabeth. "Mama, utuambie basi, hapana ya nini?"

Mzee alimtazama Anselme kwanza. Kisha akalifungua fundo la kitenge chake, akatoa ufunguo.

"Mwenye nyumba ni Martine. Alinipatia hii siku alikimbilia Aveba, wakati ya vita. Huyu Anselme alibadilisha kufuli ya mbele. Ya chumba ya nyuma hakuweza."

"Sasa mbona ulinyamaza?" Kule akauliza.

"Nani aliniuliza? Mulileta tu soda. Na siku hizi mutu hasemi neno lenye hakuulizwa."

"Uongo!" Anselme akainuka. "Emery, kuja. Huyu amechoka. Nyumba nakupatia weye."

Emery akaingia, mfuko wa fedha kifuani. Kwa kadiri ya pumzi moja, Kule alitamani kunyamaza: aliyemnyang'anya mbili, na aichukue na hii. Kisha akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo.

"Emery, usiandike jina. Hii iko na mwenyewe."

"Papa Kule, hiyo mayele, hiyo ujanja, ni ya zamani. Unanifukuza ili ubakie peke yako."

Kule aliuchukua ufunguo mkononi mwa Elisabeth, akazunguka nyuma, hadi kwenye chumba ambacho Anselme alikuwa amekiita stoo iliyopotelewa na ufunguo. Wote walimfuata, isipokuwa mmoja. Kufuli ikalia, mlango ukafunguka. Mlikuwa na masanduku matatu yaliyofunikwa shuka, na kila moja limeandikwa kwa rangi nyeupe: MARTINE.

Waliporudi mezani hapakuwa na Anselme wala karatasi. Kreti ilikuwapo.

"Sasa munipatie ile soda," Elisabeth akasema.

Emery aliufunga mfuko wake polepole. Alikwenda hadi kwenye pikipiki, akaiwasha, kisha akaizima tena.

"Papa Kule. Kesho iko nyumba ingine kule Shari, nyuma ya mashine ya kusaga mihogo. Banaifungulia banunuzi saa mbili." Akakohoa. "Mi nitafika saa nne."

Akaondoka. Kavira alikuwa tayari akikusanya chupa ambazo hazijafunguliwa, akizirudisha ndani ya kreti.

"Saa kumi na mbili ya asubuhi tuwe pale," alimwambia mumewe. "Tuanze kwa majirani."